Shina Jeupe Katika Biblia ya Mama

Mama alipokufa, vitu vyake viligawanywa kwa haraka kama inavyokuwa. Sufuria kubwa zilichukuliwa na mama mdogo wa Lukafu, vitenge vilikwenda kwa binamu waliokuwa wamevipigia hesabu tangu alipolazwa, na mimi nikapewa Biblia. Hakuna aliyeigombania. Jalada limechakaa, karatasi zinanuka sabuni na mafuta ya taa, na katikati ya Zaburi kuna shina moja la majani makavu, lenye kichwa kilichokuwa cheupe na ambacho sasa kimebakiwa na nyuzi chache. Ukifungua kwa pupa, zinapeperuka.

Shina hilo nalijua tangu utotoni. Nilimwona mama akilihamisha kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kwa ncha za vidole, na nilijua, au nilidhani najua, analitunza kwa ajili gani. Nilidhani ni huzuni yake. Nilimhurumia mama yangu kwa miaka mingi kwa sababu ya jani lile, na huruma hiyo leo ningependa nirudishiwe.

Tulikaa pembeni mwa mji, upande wa barabara ya Luano, ambako ndege zilipita chini kiasi cha kutingisha mabati. Nyuma ya nyumba kulikuwa na dambo, bonde pana la maji lisilo na miti, ambalo wakati wa mvua mtu anazama hadi magoti na wakati wa baridi linapasuka kama kisigino. Nyinyi mliokulia huko mnaukumbuka moshi. Wawinda panya wanachoma majani, mbingu yote inakuwa rangi ya majivu, na nguo ulizoanika zinaingia ndani na vipande vyeusi. Kisha, kabla mvua ya kwanza haijafikiria kuja, kwenye ardhi ile nyeusi yanachipuka majani mapya, nayo yanatanguliza maua. Ni vichwa vyeupe, laini, vinavyoinama vyote upande mmoja upepo ukipita. Kila mtoto wa kwetu aliijua kanuni yake: pasipochomwa, hapachanui. Hatukuona ajabu yoyote. Yalikuwa majani tu, ya kuchomana nayo masikioni.

Aliyenifundisha kwamba majani yale yanaleta habari ni Mama Shefali. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa mjini, na mama yangu alishona uniform za shule kwenye baraza ya nyuma ya duka hilo, kwa mashini yake mwenyewe ya kukanyaga. Watu walimwita Mama Shefali Muhindi, naye alikasirika upya kila siku. "Miye Mubengali," alisema, akipiga meza kwa fimbo ya kupimia. "Bahindi ni bengine." Wateja waliitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama, wakatoka nje na kuambiana kwamba Muhindi leo amekasirika.

Siku moja, nikiwa na miaka kama saba, niliingia dukani na kiganja cha maua yale, niliyoyabeba kutoka nyumbani bila sababu. Mama Shefali aliacha kitambaa cha mteja kikiwa kimekatwa nusu.

"Kash," akasema. "Ulitosha wapi kash?"

"Ni majani, Mama. Iko mingi mu dambo."

Aliyachukua, akaketi juu ya robota la vitambaa, akayapitisha shavuni. Dada yangu mkubwa Ngalula, niliyemwita Yaya, aliyekuwa akimsaidia kazi za dukani, alinitazama kana kwamba nimemletea mtu habari ya msiba. Mama Shefali alisema kwamba hii si kash yenyewe. Kash ya kwao ni ndefu kuliko mtu, inaota kando ya mito, na hii yetu ni mdogo wake. Lakini weupe ni ule ule, na namna ya kuinama ni ile ile, na mwezi ni ule ule.

Ndipo alipotuambia. Kwao, mvua zikiisha, mawingu yanabaki meupe na mepesi, na kash inachanua kingo zote za mito. Watu wakiiona, hata aliye maskini anakwenda kutafuta nguo mpya, kwa sababu kash inasema binti anakuja nyumbani. Binti huyo ni mungu wao, lakini pia ni binti tu, aliyeolewa mbali, huko milimani kwenye baridi. Mara moja kwa mwaka anarudi kwa wazazi wake na watoto wake wanne.

"Bwana yake iko mubaya?" Ngalula aliuliza. Yeye alikuwa na miaka kumi na mitatu na mambo ya mabwana yalikuwa yameanza kumhusu.

"Si mubaya. Maskini. Anajipakalaka majivu mwili muzima."

Tulicheka mpaka mama akatuita kutoka barazani. Mama Shefali naye alicheka, akaendelea. Binti anakaa siku chache tu, ndani ya sanamu ya udongo. Siku ya mwisho wanawake wanampangusa uso, wanamlisha vitamu, wanamnong'oneza sikioni: rudi tena. Halafu anapelekwa mtoni.

"Na anarudiaka?" niliuliza mimi.

"Kila mwaka. Kash haidanganyi."

Nilichokisikia mimi, kwa masikio yangu ya miaka saba, ni kitu kingine kabisa. Nilisikia kwamba majani ndiyo yanayomleta. Yakichanua, binti yeyote aliye mbali na mama yake lazima arudi, kama vile kengele ikilia lazima watoto waingie darasani.

Ikawa desturi yetu. Kila mwaka, moto ukishapita dambo, mimi na Ngalula tulivunja kiganja kizima na kumpelekea. Aliyapanga kwenye kopo la maziwa ya unga, akagonga kengele ndogo ya shaba, akatupatia vidonge vya maziwa na sukari alivyovipika mwenyewe. Kabla ya kula, Ngalula alikisogeza kidonge chake kwenye sikio langu na kunong'ona, "Rudi tena," kisha akakimeza. Mama alijua yote hayo. Alisema tu tusiyapeleke kanisani. Mama Shefali alipenda kusema kwamba nchi yetu inakwenda kichwa chini: kwao kash inaaga mvua, kwetu inaikaribisha.

Halafu nchi ikaenda kichwa chini kweli. Kwanza waliingia wenye bunduki, nyuma yao wakafuata wasio na bunduki, na kwa siku mbili mji ulivuliwa nguo. Duka la Mama Shefali lilibaki kuta. Walichukua vitambaa, rafu, milango, hata kopo la maziwa. Mashini ya mama ilikwenda pia. Baada ya wiki tatu mama aliiona kwenye baraza ya mwanamke tuliyesali naye benchi moja. Alimsalimu, akamwuliza habari za watoto, akapita. Nilivuta mkono wake nikimwonyesha mashini ilipo. Aliniambia nitembee.

Baada ya vitu, ikaja zamu ya watu. Papa alikuwa mtu wa Kasai. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo walivyosema. Alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, na Kasai aliijua kwa hadithi kama mimi. Alikuwa karani wa reli. Ilipofika wakati wa watu wa Kasai kuambiwa warudi kwao, alipanda treni iliyojaa hadi juu ya mabehewa kwenda kututengenezea mahali katika nchi ambayo hakuwahi kuiona. Barua moja ilifika. Ya pili bado naingojea.

Mama ni wa Lukafu. Mimi nilizaliwa na uso wake, na jina nilirithi kwa mama yake, kwa hiyo hakuna aliyenigusa. Ngalula alikuwa Papa mtupu: urefu, paji la uso, namna ya kukunja mikono akisikiliza, na jina ambalo mwalimu akilitamka kwenye orodha darasa zima linageuka. Mawe yalianza kuangukia bati letu wakati wa chakula. Mama aliitoa picha ya Papa ukutani, akaitia kwenye mbabula katikati ya makaa, akaweka maji ya ugali juu yake.

"Kuanzia leo," alituambia, "papa yenu alikuwa muntu ya Lukafu. Munasikia?"

"Na miye?" Ngalula akauliza. "Hii sura yangu ni ya Lukafu?"

Mama alikoroga ugali.

Jibu lilikuja siku chache baadaye. Mama Shefali na mumewe walikuwa wanaondoka, wakipitia mpaka wa Mokambo kwenda ng'ambo, kwenye lori la mfanyabiashara wa Kivu aliyewahurumia. Mama alikwenda kuongea nao. Alirudi, akamwambia Ngalula afunge nguo zake.

"Siendi," Ngalula alisema. "Nikienda, mutanifuta. Sawa vile mulifuta Papa."

"Ni ya muda kiloko tu, mwana."

"Siendi, Mama."

Asubuhi ya lori hakuwa kitandani. Majani ya dambo wakati huo yalikuwa marefu, mvua zilikuwa ndiyo kwanza zimeisha, na mtu akiingia humo haonekani tena. Lakini mimi nilijua aliko. Nyuma ya kichuguu kikubwa tulikuwa tumelaza majani tukatengeneza nyumba yetu, chumba kimoja chenye mlango wa kutambaa. Alikuwa ameniapisha kwa jina la Papa kwamba sitamwonyesha mtu.

Lori lilisimama barabarani likiwaka injini. Dereva alipiga honi. Mama alizunguka nyumba akiita kwa sauti ya chini, kwa sababu lile jina lilikuwa jina la kuitwa kwa sauti ya chini. Kisha akanishika mabega. "Yaya yako iko wapi? Sema. Lori itaenda, na hapa batamuua." Nilinyamaza. Kiapo ni kiapo.

Aliyenishinda ni Mama Shefali. Alishuka kwenye lori na kupiga magoti mavumbini mbele yangu, na sari yake, akanishika uso kwa mikono miwili. "Kash ikichanua," alisema, "nitamurudisha. Miye mwenyewe. Unasikia? Kash haidanganyi."

Angesema jambo lingine lolote nisingemwamini. Nilihesabu kichwani: majani yatakauka, yatachomwa, yatachanua, atarudi. Ilikuwa safari tu. Nilinyoosha kidole kuelekea kichuguuni. Sikusema neno, nikiamini kwamba kidole si mdomo na kiapo changu bado ni kizima.

Walimtoa wakiwa wamemshika huku na huku, mama na dereva. Hakulia. Alipopita mbele yangu alinitazama, na kwenye nywele zake kulikuwa na majani.

"Weye?" alisema. Ndilo neno pekee nililolipata kutoka kwake kwa miaka yote iliyofuata.

Sasa mtoto afanye nini na hesabu yake? Nilingoja. Lakini mwaka ule wawinda panya waliogopa kutoka, na dambo halikuchomwa. Majani yalisimama tu yakikauka. Mwezi wa sita niliona kwamba ikiwa moto hautakuja, maua hayatakuja, na ikiwa maua hayatakuja, Ngalula amekwama huko kwa sababu ya uvivu wa watu. Niliiba kiberiti cha mama. Nilianzia kwenye nyumba yetu nyuma ya kichuguu, kwa sababu ilinichoma macho kuiona.

Nadhani mnajua moto wa mwezi wa sita unavyokwenda. Ulivuka dambo kabla sijamaliza kurudi nyuma, ukala mistari mitatu ya muhogo wa jirani, na ukasimamishwa na wanaume wenye matawi hatua chache kutoka kwenye nyasi za paa lake. Watu walijaa uani kwetu. Nilisikia mmoja akisema kwamba ni mtoto wa yule Mukasai, anataka kutuunguza. Mama alipiga magoti. Aliwaambia mimi ni punguani, niliungua homa nikiwa mchanga, wanisamehe, nami ni mtu wa Lukafu kama wao, wanitazame usoni. Walinitazama. Walikubali kwamba ni punguani na wakaondoka.

Mlango ulipofungwa nilingoja fimbo. Mama aliketi chini, akanivuta karibu. "Juu ya nini, mwana? Juu ya nini?"

"Juu ichanue," nilisema. "Juu Yaya arudie."

Alijifunika mdomo kwa kitenge chake. Nataka mlikumbuke hilo. Siku ile, kwa mdomo wangu mwenyewe, nilimwambia mama yangu namna ninavyomtaka dada yangu.

Maua yalitoka. Ardhi ya dambo ina maji chini yake hata wakati wa baridi, na baada ya wiki chache pale nilipochoma palikuwa peupe peke yake, katikati ya mbuga kavu, mwezi ambao si wake. Nilivunja ua moja na kwenda kukaa kando ya barabara ya Luano. Nilikaa hapo kila siku baada ya shule. Malori yalipita, ndege zilishuka, wanawake wa makaa walinisalimu na kunitania kwamba nangoja bwana gani. Maua yalianza kupeperuka, yakabaki vijiti. Hakuja.

Mwezi wa tisa, mambo yalipopoa kidogo na moto wa watu wengine ukapita, madambo yote yalichanua kwa wakati wake. Mama aliniacha kwa jirani siku mbili, akaenda Mokambo kutafuta unga, ambao mjini haukuwepo. Alirudi na unga, macho yamevimba, na Biblia mkononi yenye shina jeupe lililochungulia kati ya kurasa.

"Umelitosha wapi?" niliuliza.

"Mu njia."

"Na Yaya?"

"Acha kuuliza, mwana. Kila mara unauliza, unanikata na kisu."

Nikaacha. Nilikuwa mtoto wa kutii, ukitoa ule moto. Niliacha kuuliza mwezi ule, sikuuliza mwaka uliofuata, na baadaye sikujua tena swali lenyewe linaanzia wapi. Badala yake nilijijibu mwenyewe. Siku nyingine nilisema Mama Shefali ni mwongo, yeye na mungu wake wa udongo na majani yake, na nilikuwa nikipita dambo nikiyapiga maua kwa fimbo mpaka mkono unauma. Siku nyingine, na hizo zilikuwa nyingi zaidi, nilisema kash haidanganyi: Ngalula angeweza kuja na hataki, kwa sababu ya kidole changu.

Nilikua na jibu hilo la pili. Nilipokuwa mtu mzima, wachuuzi wa Mokambo waliniambia kwamba kuna mwanamke mrefu huko Mufulira, ng'ambo ya mpaka, ana meza ya vitambaa sokoni, ameolewa na mtu wa mgodini, anaitwa Ngalula. Mufulira! Ukitoka asubuhi, mchana umefika. Sikwenda. Kila mwaka niliahirisha hadi mwakani, na sababu ilikuwa moja tu, aibu. Ningemwambia nini mtu aliyeniuliza "Weye?" na mimi sikuwa na jibu? Mama hakuwahi kunisukuma niende. Nilidhani anauheshimu uamuzi wangu. Yeye kila mwezi wa tisa alikwenda Mokambo kuchukua unga, hata miaka ambayo unga ulijaa hapa mjini, mpaka miguu ilipomkatalia. Nilimtania kwamba unga wa Mokambo umemloga.

Ngalula alifika siku ya tatu ya matanga ya mama. Mama mdogo wa Lukafu ndiye aliyempigia simu. Alipoingia uani na mkoba wake, wazee waliinuka vitini, maana ilikuwa kama Papa ameshuka kwenye treni akiwa amevaa kitenge. Tulishikana mikono kama wageni. Anaongea Kiswahili chetu bado, kikiwa kimechanganyika na Kibemba kingi. Alikunja mikono ya blauzi, akaketi kando yangu penye beseni, tukaosha sahani za watu. Kwa saa nzima tuliongea juu ya sabuni.

Biblia ilikuwa juu ya kigoda. Alijifuta mikono, akaifungua, na ikafunguka yenyewe kwenye Zaburi.

"Kumbe ulikamata," alisema.

"Nilikamata nini?"

"Hii jani. Hii njo nilikutumia."

Nilimwambia kwamba ni la mama, aliliokota njiani. Aliniangalia kwa lile paji la uso.

"Miye nililivunja. Pale Mokambo, kando ya barrière ya mupaka. Mama Shefali alinileta mwezi ya tisa, vile alisema. Alilipa lori yee mwenyewe. Nilikuwa na furaha! Nilifikiri ninarudia ku nyumba. Mama akakuya, akasema bado, bantu bangali banachunga nyumba, nirudie ng'ambo. Basi nikavunja hii, nikasema: peleka kwa Mudogo. Mwambie nilikuya. Mwambie siko na kasirani."

Sahani iliyokuwa mkononi mwangu niliiweka chini kwa uangalifu mkubwa. Nakumbuka uangalifu huo.

"Na mwaka ya kufwata," akaendelea, "Mama akakuya tena, yee pekee. Nikauliza: Mudogo anasema nini? Akanijibu: Mudogo alishasahau. Haulizaka tena."

"Alikuja tena?"

"Kila mwaka, Mudogo. Kila mwezi ya tisa. Hauku—" Alikuwa ameona usoni pangu kwamba sikujua.

Mudogo haulizi tena. Hiyo ilikuwa kweli, na hapo ndipo mama alipokuwa hodari: alichukua ukweli alioutengeneza kwa kisu chake mwenyewe, akaupeleka Mokambo kama mzigo halali. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi maisha yote nilikuwa nikitafuta kiroboto kwenye sari ya mwanamke mwingine. Mama Shefali alitimiza. Majani yalitimiza. Hata ule moto wangu wa kijinga ulikuwa na imani kuliko nyumba niliyolala.

Najua mtakalosema, kwa sababu nami nimejisemea. Alitaka tuwe hai. Mtoto wa miaka kumi hana kifuniko, ningesema barabarani kwamba dada yangu Ngalula amenitumia ua, na mawe yangerudi. Mwaka wa kwanza namwelewa. Wa pili pia, nikijitahidi. Lakini niliota matiti, nikaolewa, nikazaa, na bado alitoka Mokambo na gunia la unga kichwani akaniangalia machoni. Uongo ukikaa sana ndani ya nyumba unakuwa kama kiti, watu wanauzunguka bila kuutazama. Nampenda mama yangu. Sijamsamehe. Aliniacha nijihukumu kwa kidole kimoja, na msamaha wangu ulikuwa humo kwenye Zaburi, karibu na mto wake wa kulalia, ukikauka.

Ngalula alikaa siku nne. Hatukuziba kitu chochote. Miaka ile haizibiki kwa siku nne, na mara mbili tuligombana juu ya mambo ya jikoni. Siku ya kuondoka alisema anataka kuona dambo. Nilimwambia halipo. Limejengwa nyumba za matofali hadi kwenye kichuguu, na kichuguu chenyewe kilisagwa kikawa matofali hayo. Akasema twende tu.

Tulizunguka kati ya kuta. Nyuma ya nyumba ya mwisho kuna mtaro wa maji machafu, na mtu alikuwa amechoma takataka kando yake. Pale palipoungua, katikati ya mifuko ya plastiki, yalikuwa yametoka, machache, yameinama upande mmoja. Ngalula alikunja kitenge chake, akavuka mtaro kwa hatua ndefu za Papa, akavunja moja.

Alirudi nalo na kusimama mbele yangu. Basi la Mokambo lilikuwa linangoja, na kulikuwa na mtoto wa jirani pale ambaye angeweza kutumwa kwa lolote. Hakumtuma mtu.

"Kamata," aliniambia.

Nikakamata.